Mti Unaotajwa kwa Sauti Yake: Historia ya Uteuzi wa Mbao za Ala za Muziki na Pengo la Istilahi za Kiswahili katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna miti ya kutengenezea ala za muziki ilivyoteuliwa nchini Rwanda na katika nchi jirani, na kuilinganisha na kanuni za uteuzi wa mbao za msprusi zinazotawala utengenezaji wa gitaa duniani. Hoja inayojengwa ni kwamba kanuni hizo zimezaliwa na majira ya baridi kali na haziwezi kuhamishwa zilivyo hadi ikweta. Kwamba lugha za bara zilikuwa na maarifa yake kuhusu mti na sauti, na baadhi ya maarifa hayo yamehifadhiwa katika majina ya miti. Na kwamba usanifishaji wa Kiswahili, ulioanzia pwani, haukuyapokea. Suala hili ni la istilahi, lakini linagusa pia sera za misitu na za ufundi.

Gahanga: vitu viwili mahali pamoja

Anayesafiri kutoka katikati ya Kigali kuelekea Bugesera hupita Gahanga, sekta ya wilaya ya Kicukiro, kabla barabara haijateremka kwenye bonde la mto Nyabarongo. Tangu Oktoba 2017 mahali hapo pamejulikana nje ya Rwanda kwa uwanja wake wa kriketi. Jengo la uwanja huo limefunikwa kwa makuba yaliyojengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa nchini, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa bila kuchomwa moto. Makuba hayo yanasimama kwa nguvu ya umbo lake. Unene wake ni mdogo kiasi cha kumshangaza mtu aliyezoea paa la zege.

Karibu na makuba hayo mchezaji hushika gongo la mti uliokulia mbali, aina ya mwerebi unaopandwa hasa Uingereza kwa ajili ya kazi hiyo. Kanuni za kriketi zinadai kwamba ubapa wa gongo uwe wa mti, sharti lililokazwa baada ya Dennis Lillee kuingia uwanjani nchini Australia mwaka 1979 na gongo la alumini. Hazisemi uwe mti gani. Mwerebi umeshinda kwa mazoea ya mikono: ni mwepesi, haupasuki kwa urahisi, na nyuzi zake zilizonyooka humwezesha fundi kukadiria tabia yake kabla hajaanza kuuchonga.

Uwanja wa Gahanga, basi, una maamuzi mawili yaliyofanywa na watu tofauti kwa sababu tofauti. Mjenzi aliuliza ni kitu gani cha nchini kinachoweza kufanya kazi hii, akapata jibu ardhini. Mtengeneza gongo hakuwa na sababu ya kuuliza. Katika historia ya ala za nyuzi ukanda huu umeyafahamu maamuzi ya aina zote mbili, na lugha inayotumiwa kuyaeleza imechangia zaidi ya inavyodhaniwa katika kuamua lipi lionekane la kitaalamu na lipi lionekane la kijadi.

Ubao unaobeba na kutetema

Msprusi ni jina linalotumika hapa kwa miti ya jenasi ya Picea, ambayo msomaji wa Kiswahili huiweka kwa kawaida katika kundi moja na misonobari. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 30, zote za maeneo ya baridi ya kaskazini mwa dunia. Hakuna hata moja yenye asili ya Afrika. Watengenezaji wa gitaa hutumia zaidi msprusi wa Ulaya na ule wa Sitka, unaoota katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika.

Sababu ya mti huu kupendwa haina fumbo. Uso wa gitaa, yaani ubao wa sauti ulio chini ya nyuzi, unatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Lazima ubebe mvuto wa nyuzi sita za chuma, ambao kwa jumla hufikia kadiri ya kilo 70, usipinde wala kung'oka. Na papo hapo lazima uwe mwepesi kiasi kwamba nishati ndogo ya kidole iutetemeshe wote. Ubao mzito hubeba mvuto lakini hula sauti. Ubao laini hutetema lakini hukunjamana. Msprusi una uzito wa kilo 400 hadi 450 hivi kwa mita moja ya ujazo, na bado ni mkakamavu sana kwa urefu wa nyuzi zake, kiasi kwamba sauti husafiri ndani yake kwa kasi ya takriban mita 5,000 kwa sekunde au zaidi. Kwa hiyo fundi anaweza kuuranda hadi unene wa milimita 3 au pungufu na bado ukasimama.

Uteuzi huanza kabla ya msumeno. Gogo linalotakiwa ni lile lisilojisokota. Mafundi wengine hulipasua kwa shoka kwanza, kwa kuwa shoka hufuata nyuzi za mti na kufichua msokoto ambao msumeno ungeukata na kuuficha. Kisha mbao hupasuliwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, kama vipande vya chungwa, ili pete za mti zisimame wima zikitazamwa kwenye ukingo wa ubao. Vipande viwili vilivyofuatana hufunguliwa kama kitabu na kuunganishwa katikati ya uso wa gitaa. Fundi huhesabu pete, hutazama kama zimebanana na kulingana, hukausha mbao kwa miaka, na mwishowe huushika ubao kwa vidole viwili mahali unapotulia, akaugonga na kuusikiliza.

Katika hatua hizo, ile ya pete ndiyo imepewa uzito mkubwa kuliko zote katika maandishi, nayo inategemea majira ya baridi. Pete ni kumbukumbu ya mti uliokua majira ya joto na kusimama wakati wa theluji. Mwaka 2003 Lloyd Burckle na Henri Grissino-Mayer walipendekeza kwamba ubora wa fidla za Stradivari ulichangiwa na kipindi cha baridi isiyo ya kawaida barani Ulaya, kati ya mwaka 1645 na 1715, kilichoifanya misprusi ya Alpi ikue polepole na kwa usawa. Dhana hiyo inavutia, na imenukuliwa kuliko ilivyopimwa. Majaribio ya Claudia Fritz na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwapa wapiga fidla stadi fidla za kale na mpya bila wao kuziona, na wengi walishindwa kuzitofautisha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliwapa wapiga gitaa 52 magitaa sita yenye uso wa aina moja ya msprusi lakini migongo na mbavu za miti tofauti, ya bei ghali na ya bei nafuu; tofauti zilizosikika zilikuwa ndogo mno. Matokeo hayo hayafuti umuhimu wa uteuzi. Yanaonyesha tu kwamba sehemu ya kile kinachoitwa maarifa ya mbao ni mazoea yaliyopata heshima kwa kukaa muda mrefu.

Umwungo na umuvugangoma

Inanga ya Rwanda na Burundi ni ala ya nyuzi iliyochongwa katika kipande kimoja cha mti, yenye umbo la sinia refu au hori. Kamba moja ndefu, ambayo zamani ilitengenezwa kwa kano za ng'ombe, hupitishwa huku na huku katika meno ya ncha mbili hadi ipatikane safu ya nyuzi. Haina uso uliogundishwa. Mwili wake ndio ubao wa sauti, na fundi akikosea unene hana kipande kingine cha kubadilisha. Utafiti mpana wa Jos Gansemans kuhusu ala za Rwanda, uliochapishwa mwaka 1988 na makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, ulionyesha ni kwa kiasi gani ala hizi zilikuwa na aina, sehemu na mafundi wenye majina mahususi.

Miongoni mwa miti inayotajwa kwa kazi hiyo ni umwungo, Polyscias fulva kwa jina la kibotania, mti wa misitu ya milimani wenye shina refu lililonyooka na mbao nyepesi za rangi ya kijivu inayokaribia nyeupe. Umetumika pia kwa mizinga ya nyuki. Tunu ya umwungo ni ile ile ya msprusi, wepesi unaoruhusu mti kuchongwa na kutetema, lakini njia ya kuufikia uamuzi haiwezi kuwa ile ile. Mwaka wa Rwanda una umuhindo, urugaryi, itumba na impeshyi: mvua mbili na vipindi viwili vya kiangazi, bila theluji ya kuusimamisha mti. Pete zilizo wazi za kuhesabiwa hazitegemewi hapa. Kinachobaki ni uzito mkononi, ukavu, unyoofu wa nyuzi na jibu la mti unapogongwa. Yaani sikio linachukua kazi ambayo Ulaya limepewa jicho.

Hata swali la ubao bora ni upi hapa hujibiwa kwa namna nyingine. Cornelia Fales, katika uchunguzi wake wa inanga ya kunong'ona ya Burundi, alionyesha kwamba mnong'ono wa mwimbaji hauna toni ya muziki, ila msikilizaji huisikia toni hiyo kwa sababu sauti ya ala na mnong'ono huungana masikioni mwake. Kwa utanzu huo, ala yenye mlio mkubwa ni kasoro. Mnunuzi wa gitaa anayesifu sauti inayojaza ukumbi na mwimba inanga anayehitaji ala isiyomeza mnong'ono wake wasingechagua mti kwa kipimo kimoja, na ramani yoyote ya ubora inayompa alama wa kwanza na kumnyima wa pili imekwisha kuchagua muziki kabla ya kuchagua mti.

Kwa upande wa ngoma, lugha yenyewe imetunza zaidi. Mti ambao wataalamu wa mimea huuita Cordia africana, na ambao Kiswahili huuita mringaringa, kwa Kinyarwanda na Kirundi ni umuvugangoma. Jina limeundwa kwa kitenzi kuvuga, kunena au kutoa sauti, na nomino ingoma. Muundo huo si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili, kwani naye ana mmea aitao kifauongo, uliopewa jina kwa tendo lake la kunywea unapoguswa. Inafaa hata hivyo kuwa na tahadhari: jina la mti si ushahidi wa maabara, na watu hulitafsiri upya kadiri vizazi vinavyopita. Lakini ngoma za kifalme za Burundi zilichongwa katika mti huo, na jina linaafikiana na matumizi.

Uzito wa uteuzi huo unaonekana zaidi ikikumbukwa kwamba ingoma, katika lugha hizi mbili, ni ngoma na ni ufalme pia. Aliyeuchagua mti wa ngoma ya enzi alikuwa anashughulikia mamlaka. Karinga, ngoma kuu ya wafalme wa Rwanda, ilikuwa alama ya dola, na ufalme ulipofutwa mwaka 1961 ngoma hizo zilipoteza ofisi yake. Maarifa ya mti yaliyokuwa yamefungamana na baraza la mfalme yalibaki mikononi mwa watu binafsi, nayo Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yakakata minyororo mingi ya urithishaji wa ufundi.

Pwani na kamusi

Pwani ilikuwa na historia yake. Gambusi, iliyofika kutoka Yemeni na kuenea Lamu, Zanzibar na Komoro, huchongwa katika gogo moja na kuwambwa ngozi. Swali la uso wa mbao halikuwapo. Lilikuja na udi, ala ambayo jina lake la Kiarabu maana yake ni mti, na ambayo uso wake ni ubao mwembamba. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, anakumbukwa kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Ala za mbao laini ziliingia kupitia bahari, zikiwa zimekamilika. Waswahili walijifunza kuzipiga na kuzitengeneza zilipoharibika, lakini uteuzi wa mti wa uso wake ulikuwa umefanyika ng'ambo.

Hali hiyo ina matokeo katika lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Kwa mbao za majahazi, milango na samani msamiati ni tajiri: mvule, mninga, mkangazi, mpingo. Kwa uso wa ala ya nyuzi hakuna mti wenye jina la kazi hiyo, kwa kuwa katika mji uliokuwa chimbuko la lugha sanifu hakuna aliyeuchagua. Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Ubelgiji, hazikuwamo katika kamati iliyoratibu lugha ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Umwungo na umuvugangoma havikukataliwa na wasanifishaji, havikufika mezani.

Kuna hata neno linalopotosha. Msemaji wa Kiswahili akisikia inanga hufikiria nanga ya chombo, ambayo asili yake ni langar ya Kiajemi. Inanga ni neno la Kibantu lenye ndugu zake: enanga ya Wahaya na ennanga, kinubi cha Waganda. Wahaya wako Tanzania, wakizungumza Kiswahili kila siku, na bado ala yao huingia katika maandishi ya Kiswahili ikiwa na mavazi ya neno la kigeni.

Mwaka 1952

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita katika nchi hizi na mitambo yake ya kurekodi. Katika safari za mwaka huo alirekodi ngoma za mfalme nchini Rwanda, wakati wa Mutara III Rudahigwa, na katika Katanga alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda, ambaye Masanga yake ilikuja kufundishwa kwa wapiga gitaa wa mabara mengine. Ngoma ya mti uliochaguliwa na baraza na gitaa lililochaguliwa dukani zilikaa katika kazi ya mtu mmoja, na moja tu ilikuwa na soko mbele yake.

Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyotoa sahani za Tracey, iliuza pia magitaa ya bei nafuu. Moja ya aina hizo, Gallotone Champion, lilifika hadi Liverpool mikononi mwa John Lennon mwaka 1957, likiwa na maandishi ndani yake yanayotoa dhamana kwamba halitapasuka. Dhamana hiyo ni hati ya historia ya mbao. Uso wa msprusi halisi hunywa unyevu na kuvimba wakati wa mvua, kisha hunywea wakati wa kiangazi. Ukiwa umegundishwa pande zote hauna pa kwenda, hupasuka. Plaiwudi, ambayo matabaka yake hupishana nyuzi, hustahimili. Gharama yake ni sauti: ubao unakuwa mgumu pande zote, gundi inaongeza uzito, na mtetemo unakufa mapema. Kizazi kikubwa cha wapiga gitaa wa Afrika kilijenga ufundi wake juu ya ala za aina hii. Wanaosifu mtindo mkavu, wa noti fupi zinazopishana, kuwa ni hulka ya Kiafrika wangefanya vyema kulichunguza kwanza gitaa lenyewe, ingawa makala haya hayadai kwamba ubao ndio uliozaa mtindo. Mwenda angepiga hivyo hata kwenye msprusi wa Alpi.

Misitu, mikataba na orodha ya maneno

Rwanda ilijiwekea lengo la kufunika asilimia 30 ya nchi kwa misitu, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba lengo limefikiwa. Sehemu kubwa ya mashamba ya miti nchini ni mikaratusi, inturusu kwa Kinyarwanda, iliyosambazwa tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni, makaa na nguzo. Hesabu ya asilimia huupa mkaratusi na umwungo nafasi sawa. Kwa fundi wa inanga hazilingani hata kidogo, na mshauri wa sera anayesoma takwimu hizo kwa Kiswahili hana neno litakalomwonyesha tofauti hiyo.

Mpingo wa Tanzania unaonyesha kinachowezekana neno linapokuwapo. Mti huu ni kinyume cha msprusi: mzito kuliko maji, ukatumika kwa mirija ya klarineti na zumari za Ulaya. Una jina la Kiswahili linalofahamika duniani, una mradi wa misitu ya vijiji Kilwa ulioanza katika miaka ya 1990 na kupata cheti cha uvunaji endelevu mwaka 2009, na umo katika mjadala wa mkataba wa CITES, ambao uliziwekea spishi zote za Dalbergia masharti ya biashara mwaka 2017 kisha ukazilegezea ala zilizokamilika mwaka 2019. Wajumbe wa Tanzania waliweza kuujadili mti wao kwa jina lake. Ni vigumu kuona umwungo ukijadiliwa vivyo hivyo ukiwa na jina la Kilatini peke yake.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu wa kuratibu maendeleo ya lugha hii katika nchi wanachama. Kazi ya istilahi za mbao za ala inaweza kuanza na maneno machache, nayo haitakuwa nyepesi. Umwungo ukiingizwa katika ngeli ya M-/Mi- utakuwa mwungo, miungo, karibu mno na maungo na muungo. Huenda ni afadhali kuuacha na kiambishi chake cha Kinyarwanda, kama Kiswahili kilivyoziacha nomino nyingine za kigeni. Umuvugangoma ukifupishwa kuwa mvugangoma, msikilizaji wa pwani atasikia mvunja ngoma, na mti uliosifiwa kwa karne kwa kuinenesha ngoma utaonekana kuwa ndio unaoiharibu. Mringaringa lipo na linatosha kuwa kidahizo. Chini yake, katika maelezo, panatakiwa mahali pa jina la Kinyarwanda na Kirundi pamoja na maana yake, na pia pa swali ambalo kamusi ya mbao haijazoea kuuliza: mti huu ukigongwa, unasemaje?